Meno Sita ya Dani

Dani, mama yake baba, alitoa meno sita,
yote ya mbele, yote ya chini,
kwa chuma, mkononi mwa fundi wa Alego,
siku ambayo kulia kungekuwa aibu ya ukoo.
Hakulia. Alitema mate mekundu mara sita
akarudi nyumbani kwao mtu mzima.

Yaliyosalia, ishirini na sita,
aliyatunza kama mbegu ya msimu ujao.
Alfajiri, kabla hajamsalimu yeyote,
alikata kijiti, akakitafuna ncha hadi ikawa nyuzi,
akasugua taratibu huku akizunguka ua, akihesabu kuku.
Nani angethubutu kumharakisha?
Alizikwa na ishirini na tano.
Moja lilivunjwa na changarawe ndani ya wimbi,
naye alilisimulia kisa hicho kama kesi ya shamba.

Mimi nimezaliwa Muhoroni.
Hapa upepo wenyewe una molasi,
na majivu ya miwa huangukia shati uliloanika.
Nilimenya muwa kwa meno kabla sijajua kusoma,
na leo ni karani wa mizani kiwandani:
trekta linaingia limejaa, napima,
linatoka tupu, napima,
natoa, naandika kilichobaki.
Miaka kumi na tisa nimepima utamu wa wengine kwa tani.
Wangu sikuupima hata kwa kijiko.
Vijiko vinne kikombeni, vikombe sita kwa siku.
Piga hesabu wewe. Mimi naogopa.

Lilianza na maji ya mtungi,
gego la kulia, kama mlango uliofunguliwa ghafla penye baridi.
Nikabana karafuu. Nikahamia kutafuna kushoto.
Nikasema, jino ni jino tu.
Usiku wa tatu, paji la uso likiwa ukutani,
nikajua kwamba jino ni mimi mzima.

Daktari Chelimo aliangaza taa, akanyamaza, akasema,
"Ungekuja Machi ningeliziba. Hii ni Novemba."
Hakunikaripia. Alisema vile vile
ninavyomwambia mkulima aliyechelewesha mzigo
kwamba muwa ukikatwa haungoji,
uzito umeshapotea njiani.

Nikaomba nilione.
Lilikuwa dogo kuliko maumivu yake,
na pango jeusi ubavuni, pa kuingia mchwa.
Nikamkumbuka Dani.
Yake yalitolewa mchana, mbele ya watu, kwa heshima.
Langu liliibwa kidogo kidogo, usiku baada ya usiku,
na mwizi nilimkaribisha mwenyewe,
nikamkorogea chai.
Jino la pembe si dawa ya pengo, wahenga walisema.
Ulimi wangu sasa unaenda pale kila saa
kuhakikisha kwamba walisema kweli.

Siku hizi, taa ya jikoni ikiwa bado inawaka,
nasimama na Obiero juu ya karai.
Mama mkwe hucheka: "Ni ya maziwa, si yatatoka tu?"
Yatatoka, mama. Lakini yakiooza leo, leo ndipo yatauma,
na yanawashikia wakubwa nafasi.
Dawa kiasi cha njegere moja, si zaidi.
Nje, ndani, juu panapotafuna,
na kule nyuma ambako hakuna mgeni anayepaona.
Tema. Usisukutue.
Baada ya hapo ni maji matupu hadi asubuhi,
hata biskuti ikilia kabatini.
Nami nimeshuka hadi kijiko kimoja.
Chai bado inanitazama kama mtu niliyemkopa.

Jana aliacha kusugua, mdomo umejaa povu.
"Baba, hili linacheza."
La chini. La mbele. Lile lile
ambalo chuma kilianzia kwa Dani.
Nililigusa kwa kidole: jeupe, zima,
linaondoka kwa miguu yake lenyewe.
"Linauma?"
Akatikisa kichwa,
akatema, akanirudishia mswaki
nimalizie kule nyuma.